Kuajiri fundi kutoka Zambia: anza na karatasi za garaji yako

Mama, umesema garaji yako ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, inahitaji fundi wa kuchomelea kutoka Ndola, na unauliza yeye atafute karatasi gani ili akubaliwe. Kadi ya kazi ya mgeni huombwa na mwajiri, si mfanyakazi. Kwa hiyo atakayeangaliwa kwanza ni wewe.

RCCM (karatasi ya kuandikishwa kwa biashara) na nambari ya kodi nadhani unazo. Penye shida ni CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi. Ukiwa na vijana watano pale garajini na kwenye karatasi wako wawili tu, mkaguzi wa kazi atauliza hao watatu ni wa nani. Waandikishe wote, lipa michango yao, tunza kila risiti. Hiyo kwangu ni nusu ya kazi nzima.

Kisha nenda ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, maana mkataba wa mgeni lazima upitie kwao. Katika barua usiandike tu "ana uzoefu". Taja kazi yenyewe, mfano kuchomelea aluminiamu, na ueleze ulivyotafuta Mkongomani ukamkosa. Uliza pia kiwango cha juu cha wageni wanaoruhusiwa katika sekta yako, kwani kipo.

Fundi asivuke mpaka wa Kasumbalesa kwa visa ya matembezi na kuanza kazi "tukingojea". Visa ya kazi ni ya DGM, idara ya uhamiaji, dosye nyingine kabisa. Na mhasibu wako akupigie hesabu ya kodi ya mishahara ya wageni: ile humlemea mwajiri, haikatwi kwa fundi.