Nikimtajia Yesu, anaangalia saa

SWALI: Kila nikianza kumweleza mfanyakazi mwenzangu habari za Yesu, anaangalia saa au anaaga. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda unatoa jibu kabla hujasikia swali lake. Soma Matendo 8:26-40 taratibu. Filipo, mhubiri wa kanisa la kwanza, alilikaribia gari la Mwethiopia mmoja aliyekuwa safarini, akamsikia akisoma kitabu cha Isaya, na neno lake la kwanza likawa swali: je, unaelewa unachosoma? Hakupanda mpaka alipokaribishwa. Kisha akaanzia andiko lile lile alilokuwa akilisoma mwenzake, si hotuba aliyokuja nayo kichwani.

Basi nawe uliza, unyamaze, usikilize. Akitaka kusikia yako, ushuhuda usizidi dakika tatu: ulivyokuwa, ulivyokutana na Kristo, kilichobadilika. Hapo wengi hujikwaa; maisha ya zamani huyasimulia kwa utamu hadi Yesu anaambulia sentensi ya mwisho! Epuka pia lugha ya kanisani. "Kuoshwa kwa damu" humtisha asiyeizoea. Sema "kusamehewa dhambi". Mstari mmoja unatosha, mathalani Yohana 3:16, na bora ausome mwenyewe.

Akikataa, usibishane, 1 Petro 3:15 inadai upole. Akiuliza usilolijua, mwambie utalitafuta, kisha umletee kweli. Usimwahidi kazi wala uponyaji ili akubali, maana ahadi isipotimia ataiacha na imani yenyewe. Akitaka kuendelea, pangeni siku ya kusoma Injili ya Marko pamoja, sura moja kila mkikutana. Ina sura 16 tu.