Kumchapia asiyeona kitabu kwa breli si wizi

Ndugu, umeuliza kama shule ikimchapia mwanafunzi asiyeona riwaya kwa breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, inamwibia mwandishi haki yake. Hapana. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unazitaka nchi ziruhusu nakala za breli, za sauti au za maandishi makubwa zitengenezwe bila kuomba ruhusa ya mwenye haki, hata zitumwe nchi nyingine mwanachama. Sharti ni zimfikie mlengwa, na asiwepo wa kuzifanyia biashara. Mpwa wangu haoni. Riwaya unayoitia mfukoni wewe, kwake ni juzuu tatu nene. Mwaka jana alisoma mbili za kwanza kwa vidole, ya tatu hakuipata mpaka mtihani ukapita.