Wasomaji Wanauliza: CV ya Kazi za Mkataba

Mimi ni mchambuzi wa data. Katika miaka sita nimefanya mikataba tisa, mingine ya miezi mitatu tu. Nikiiorodhesha yote naonekana mtu asiyetulia. Nikiipunguza yanabaki mapengo. Nifanyeje?

Wingi wa mikataba si tatizo, mpangilio ndio tatizo. Ukiandika kila mkataba kama ajira inayojitegemea, anayesoma haraka ataona mtu aliyeingia na kutoka mara tisa. Iweke yote chini ya kichwa kimoja, kwa mfano "Mchambuzi wa Data wa Kujitegemea, Machi 2019 hadi sasa", kisha orodhesha mikataba chini yake, mpya kwanza. Hapo kinachoonekana ni miaka mfululizo ya kazi ileile.

Kwa kila mkataba taja mteja, wadhifa, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, halafu mistari miwili hadi minne ya ulichokabidhi. Usiache miezi. "2022–2023" inaweza kuwa miezi 24 au wiki 5, na msomaji mzoefu atadhani ni zile wiki. Mkataba ulioongezwa useme hivyo waziwazi: "Miezi 3, ukaongezwa mara mbili hadi miezi 11". Mstari huo una uzito kuliko sifa zote utakazojimwagia, maana anayeongeza muda ni mteja aliyeridhika.

Kama ulipitia wakala wa ajira, wataje wote wawili. Ukimtaja wakala peke yake, haijulikani kazi uliifanyia wapi. Ukimtaja mteja peke yake, siku ya kuhakiki ajira ofisi ya utumishi ya mteja inaweza kujibu kuwa haikujui, kwa sababu aliyekulipa ni wakala.

Wiki chache kati ya mkataba na mkataba hazihitaji maelezo. Pengo la nusu mwaka na zaidi lipe mstari mmoja wa kweli: masomo, malezi, ugonjwa. Usivute tarehe za mkataba ili kulifunika. Katika CV nzima hakuna kinachohakikiwa kwa urahisi kama tarehe.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nina CV moja ya kurasa nne ninayoituma kwa kila tangazo. Naambiwa niibadilishe kila mara. Nibadilishe nini hasa, na muda nitautoa wapi?

Usiiandike upya. Tengeneza CV kuu, faili ndefu isiyotumwa kwa mtu, yenye kila mkataba, thamani ya kila mradi, ukubwa wa timu, vifaa na programu ulizotumia. Humo ndimo utakamokata CV ya kutuma: kurasa 2, au 3 kama mikataba ni mingi.

Kabla ya kukata, soma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotangazwa, na kalamu mkononi. Pigia mstari kinachotakiwa kukabidhiwa, masharti ya lazima, na muda wa kazi. Masharti ya lazima huchujwa mwanzo kabisa, kwa ndiyo au hapana. Tangazo likitaka miaka 8 ya usimamizi wa madaraja nawe umeandika "uzoefu mpana wa ujenzi", umeenguliwa hata kama unayo 15. Andika "Miaka 15 ya usimamizi wa ujenzi wa madaraja" kwenye wasifu mfupi wa mistari minne ulio juu ya ukurasa wa kwanza. Tumia maneno yao pia. Wakisema "udhibiti wa ubora" usiandike "uhakiki wa viwango", kwani anayechuja, awe mtu au programu, analitafuta neno lililo kwenye tangazo.

Kisha gawa nafasi upya. Mkataba unaofanana na kazi inayotangazwa upate mistari mitano, usiofanana upate mmoja. "Kusimamia wakandarasi wadogo" ni maneno matupu. "Nilisimamia wakandarasi wadogo 4, daraja la mita 60, lilikabidhiwa wiki 2 kabla ya tarehe" yanampa msomaji kitu cha kushika. Anayeajiri kwa mkataba hana muda wa kukufundisha, hivyo "mwepesi wa kujifunza" futa. Mahali pake andika tarehe unayoweza kuanza. Wengi huusahau mstari huu, na mwenye mradi uliochelewa huutafuta kabla ya mwingine wowote.

CV yangu ina safu mbili, picha, na nyota za kupima ujuzi. Kila ninapoipakia kwenye mfumo wa maombi, taarifa zinachanganyika na namba ya simu inapotea. Kwa nini?

Programu nyingi za kuchambua maombi husoma mstari kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo safu mbili huungana na mwaka wa masomo hujibandika kwenye jina la mteja. Baadhi huruka eneo la kichwa cha ukurasa na visanduku vya maandishi, na pengine simu yako imekaa huko. Nyota hazisomeki, na hata kwa binadamu nyota nne hazina kipimo.

Tumia safu moja, fonti ya kawaida ya ukubwa wa 10.5 hadi 12, pambizo za sentimita 2 hadi 2.5, na mawasiliano ndani ya ukurasa wenyewe. Hifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia. Ukichapisha na kuskani unapata picha tu. Kisha ijaribu: fungua PDF, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye faili ya maandishi matupu. Yakivurugika hapo, yatavurugika na kwao. Wakala akitaka Word, mpe Word, maana mara nyingi huondoa mawasiliano yako kabla ya kumpelekea mteja.

Niandike kiwango changu cha malipo kwenye CV?

Hapana. Kiwango hutegemea muda, mahali, na nani anabeba kodi na safari, ilhali CV huzunguka kwa miaka. Zaidi ya hayo, zabuni ya kiufundi, ambamo CV huwekwa, inapotenganishwa na ya fedha, bei iliyojipenyeza kwenye ile ya kiufundi inaweza kuiangusha zabuni nzima.

Kampuni ya ushauri elekezi imeniomba CV kwa fomu ya TECH-6. Nibandike tu niliyonayo?

Usibandike. Hiyo ni fomu ya nyaraka za zabuni za ushauri za Benki ya Dunia, na moyo wake ni jedwali linaloweka majukumu utakayopewa upande mmoja, na upande wa pili kazi za nyuma zinazothibitisha kuwa unayaweza. Kila jukumu lipate mkataba wake. Jukumu lililobaki peke yake litakupunguzia alama. Mwishoni kuna tamko la kutia sahihi na tarehe, na maelezo ya uongo humo yanaweza kukuondoa kwenye kazi. Baadhi ya kampuni hupenda kumjazia mtaalamu fomu. Waombe nakala ya mwisho, uisome yote, ndipo utie sahihi.