Nakimbia kwa ruhusa ya mapeasi

Mhariri, wiki hii mmeuliza mchezo usiomlipa mtu hata senti unamgharimu nini. Nahisi mlitarajia tuwaandikie bei za viatu. Bei ipo na nitaifikia, lakini si hiyo inayoniuma. Mimi ni mwanariadha wa ridhaa, mbio ndefu, umri umeshavuka arobaini, mama wa watoto watatu, na naishi nje kidogo ya Shepparton, mji wa matunda ulio kama kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne, Australia. Kinachonigharimu ni kuomba ruhusa. Sifungi kamba za viatu kabla ya mtu au kitu fulani kukubali.

Wa kwanza kuombwa ni mapeasi. Bonde hili la mto Goulburn linaishi kwa mifereji ya umwagiliaji na miti ya matunda: mapeasi, mapichi, matufaha. Tangu Januari hadi Machi, pengine Aprili, kila kitu kinasubiri mavuno, hata harusi, hata ugomvi. Nilipofika hapa nilianza kwa kuchuma. Mkoba unaning'inia kifuani, unapanda ngazi, unaujaza, unashuka, unaumimina kwenye kreti kubwa, unapanda tena. Siku ikiisha mapaja hayasemi neno. Tulikuwa tunalipwa kwa kreti, kwa hiyo dakika yoyote uliyoitoa kwa ajili ya kitu kingine, iwe mbio au kunywa maji, uliiona kwenye hesabu ya jioni. Aprili 2022 utaratibu ulibadilika, na mchumaji anayelipwa kwa kreti sasa ana kima cha chini cha saa ambacho mwajiri haruhusiwi kukipunguza. Sijui wanasiasa walijisifu namna gani, lakini kwa mtu anayetaka kubakiza miguu ya jioni, lile lilikuwa jambo kubwa kuliko kiatu chochote kipya.

Siku hizi niko kwenye banda la kupakia, nasimama kwenye mkanda nikichambua yaliyobonyea. Kazi ni nyepesi kidogo, ila kusimama nako ni kazi. Kocha wetu, mwalimu mstaafu ambaye naye halipwi, huniandikia programu ya wiki sita kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Mavuno huichana wiki ya pili.

Kinachoniokoa msimu huo ni zoezi la dakika 20 ambalo wakimbiaji wa huku hulitaja kwa jina moja tu, Mona. Asili yake ni Steve Moneghetti, mtu wa Ballarat, mji mwingine wa jimbo hili letu la Victoria. Ndiye aliyeshinda marathoni ya Berlin mwaka 1990 na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1994. Unakwenda kasi kwa sekunde 90 mara mbili, sekunde 60 mara nne, sekunde 30 mara nne, halafu sekunde 15 mara nne, na baada ya kila kipande unapoza kwa muda uleule. Hapo kwenye kupoza ndipo penye ujanja. Husimami wala hutembei, unaendelea kukimbia, na waliobobea hupoza kwa mwendo ambao mimi ningeuita mashindano. Jumla inatimia dakika 20 kamili. Nami muda nilionao kati ya kutoka kazini na kuwachukua watoto ni huo huo. Nalifanya kwenye njia ya vumbi kando ya mfereji, na madereva wa malori ya matunda wamenizoea hadi wananipigia honi kila nikiongeza kasi.

Jua nalo lina amri yake. Sisi tuliokulia Kigoma tunadhani tunalijua jua. Hatulijui. Joto la huku Januari linaweza kuvuka nyuzi 40, na ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, unajidanganya hujatoka jasho, kumbe umebaki chumvi tupu. Kwa hiyo wakati huo wa mwaka natoka saa kumi na moja alfajiri au sitoki kabisa. Jioni haisaidii. Kiangazi saa zinasogezwa mbele, jua linazama karibu saa tatu kasoro robo usiku, na lami inaendelea kutoa joto baada ya hapo. Kuna siku serikali inatangaza marufuku ya moto, upepo wa kaskazini unavuma, hakuna ruhusa ya kuwasha hata jiko la mkaa uani. Kukimbia hakujakatazwa, lakini mtu mwenye mapafu yake anakaa ndani. Kiangazi cha mwaka 2019 kwenda 2020, moshi wa mioto mikubwa ya msituni ulitufikia hadi huku. Nilikimbia ndani ya korido ya nyumba, kwenda na kurudi, mpaka mama mkwe akauliza kama nimepagawa.

Baridi ikija mambo yanageuka. Julai kuna mapambazuko ya sakitu nyeupe kwenye majani, na jua halichomozi mpaka karibu saa moja na nusu asubuhi. Barabara za mashambani hazina taa, magari yanaruhusiwa kwenda kilomita 100 kwa saa, na alfajiri ndipo kangaruu wanapovuka wakiruka bila kuangalia kushoto wala kulia. Nikitaka mwanga naufuata uwanja wa mpira wa Kiaustralia. Hapa kila kijiji kina klabu yake ya mpira huo na ya netiboli, wanaume na wanawake uwanja mmoja, kantini moja, na jioni za mazoezi taa zinawashwa. Niliomba nizunguke pembeni. Walikubali kwa sharti moja, nisivuke mstari wakati wanapiga mpira golini.

Sasa nimefikia habari ya ndege wa mtini, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Yuko ndege mweusi na mweupe anayefanana na kunguru wetu mwenye kola, ila ni mdogo kidogo na sauti yake ni tamu sana. Wenyeji humwita magipai. Miezi tisa ya mwaka ni jirani mwema. Ikifika Agosti hadi Oktoba hivi, dume analinda kiota, na akikuhesabu kuwa adui anakushukia kutoka nyuma bila taarifa, mdomo unaelekea kichogoni au sikioni. Waendesha baiskeli huchomeka vibanio vya plastiki kwenye kofia ngumu mpaka wanaonekana kama nungunungu. Watoto wengine huvaa makopo ya aiskrimu kichwani, macho yamechorwa upande wa nyuma. Kinachonishangaza ni kwamba ndege huyu anakumbuka sura. Kuna mmoja kwenye mti wa mkalitusi karibu na njia panda yetu anayewaacha wote wapite, postamani, watoto wa shule, mchungaji, kisha ananishukia mimi. Mama mkwe amekwisha kutoa hukumu: ndege yule katumwa, na aliyemtuma yuko Uvira, kwetu Kongo, na jina lake analijua. Kocha anasema nibadilishe njia mpaka vifaranga waruke. Nimebadilisha njia, lakini nyumbani sijakanusha maelezo ya mama mkwe.

Kuhusu nyoka hakuna utani. Wale wa kahawia wana sumu kali na hupenda kuota jua kwenye njia zile zile za vumbi tunazozipenda. Ukikimbia mbali na mji unabeba bendeji pana ya kukaza na simu yenye chaji. Ukiumwa, hukati jeraha wala huoshi. Unafunga mguu mzima, unakaa pale pale bila kutikisika, unapiga 000, namba ya dharura ya huku. Nilijifunza hayo kwenye darasa la bure la huduma ya kwanza, nikiwa mwanamke pekee aliyevaa kitenge.

Sasa watu. Wakongo tulianza kuletwa Shepparton mwaka 2005, chini ya mpango wa serikali wa kuwapeleka wakimbizi kwenye miji ya mashambani badala ya kuwarundika Melbourne na Sydney. Mimi nilikuja baadaye, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Kwa hiyo kanisa lipo, mashangazi wapo, na macho yapo. Mwanzo suala lilikuwa kaptula. Mama mchungaji aliniita pembeni, akaongea kwa upole na kwa muda mrefu, nikatoka na makubaliano ya suruali ya kubana yenye kaptula pana juu yake. Ni joto zaidi, lakini amani ina bei. Mwaka uliofuata mabinti wawili wa kwaya walikuja kuniuliza suruali ile nimenunua wapi.

Mjomba wangu, aliyebaki Uvira, ndiye mgumu. Kila akipiga simu:

"Mwanangu, bado unakimbia?"

"Bado, mjomba."

"Wanakulipa ngapi?"

"Hawanilipi, mjomba."

"Sasa unakimbia nini? Si tulishakimbia vya kutosha?"

Simlaumu. Kwetu mwanariadha ni mtu aliyechaguliwa, anayekwenda kuleta medali au kujenga nyumba ya mama yake. Kule Nyarugusu mwalimu wetu alikuwa akitusimulia Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, kama vile wengine wanavyosimulia manabii: Brisbane, mwaka 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola, jinsi alivyoongoza na jinsi Mwaustralia Robert de Castella alivyomnasa mwishoni na kumshinda kwa sekunde 12. Mwanamke wa makamo anayekimbia kilomita kumi polepole, kisha akarudi nyumbani kupika, hakuwemo kwenye hadithi hizo. Huku yumo. Wazee wa klabu wakisikia nimeishi Tanzania, cha kwanza wanachonitajia ni mbio zile za Brisbane, halafu papo hapo wananiuliza goti langu linaendeleaje, kana kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja.

Wazee hao hao wana shujaa wao, Cliff Young, mkulima wa viazi wa Beech Forest. Mwaka 1983, akiwa na miaka 61, alishinda mbio za kutoka Sydney hadi Melbourne, kilomita 875, kwa siku 5, saa 15 na dakika 4. Vijana walilala, yeye akalala kidogo mno na kuendelea na mwendo wake wa kukokota miguu. Zawadi ya dola 10,000 aliwagawia wenzake. Watu wanapenda kusimulia kwamba alijifunza mbio kwa kufukuza kondoo akiwa na viatu vya mpira, kana kwamba alitoka shambani siku hiyo hiyo. Mimi hadithi hiyo inaniudhi kidogo. Mzee yule alikuwa amejaribu kuvunja rekodi ya maili 1,000 mwaka mmoja kabla, na alikuwa akifanya mazoezi milimani kwao kwa bidii isiyo na mashahidi. Ukimfanya kichekesho cha shambani unamnyang'anya jasho lake.

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi kuna parkrun, kilomita tano, bure kwa kila mtu, nchi nzima kuna mamia ya sehemu zake. Hakuna anayelipwa: wa saa, wa kuelekeza kwenye kona, na yule anayetembea nyuma ya wote ili pasiwe na mtu wa mwisho peke yake. Kwa hiyo mara kwa mara sikimbii. Navaa kizibao cha manjano nasimama kwenye kona na kupiga makofi. Hiyo nayo ni gharama, Jumamosi nzuri yenye miguu mizima, halafu unaitumia kuwaambia watu "kushoto, kushoto". Mjomba bado hajaambiwa kuhusu kizibao. Nahofia moyo wake.

Fedha zipo pia, lakini si zangu. Kila Pasaka mji wa Stawell, kusini magharibi kwetu, unaendesha mbio za mita 120 kwenye nyasi, zilizoanza mwaka 1878 enzi za wachimba dhahabu. Mwenye kasi anaanzia nyuma, mnyonge anasogezwa mbele kwa mita zake, na tangu mwaka 2015 zawadi ya wanawake ni sawa na ya wanaume. Miji mingine midogo ina mbio za aina hiyo, na baadhi zina umbali mrefu zaidi. Niliingia moja, nikapewa mita nyingi sana za kutangulia, na kwa muda fulani mtamu niliongoza.

Bei mlizozitaka ni hizi: pea ya viatu vizuri hufika dola 200 au zaidi, na changarawe ya huku inaila soli mapema. Petroli ndiyo inayokula zaidi, maana mashindano yakiwa Bendigo ni saa moja na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo, kwa mbio ambazo zenyewe hazifiki saa. Nimemsomea mume wangu barua hii kabla ya kuituma. Alisikiliza yote, kisha akasema nimesahau mbio za nyika za Agosti, na tope lile ambalo halitoki kwa sabuni ya kawaida. Anajua, maana nguo za mbio hufua yeye.