Avanto kwa wageni: dakika ya kwanza ni ya pumzi tu

Ukija Finland kutoka Dar, Mombasa au Bukavu, haitachukua muda kabla mwenzako wa kazini hajakualika sauna, na sauna hiyo mara nyingi itakuwa kando ya ziwa lililoganda. Kwenye barafu kutakuwa na shimo, wenyeji wanaliita avanto, lenye ngazi ya kushukia na pampu inayozungusha maji ili yasigande upya. Utaona vijana kwa wazee wanashuka, wanakaa kidogo, wanapanda na kurudi ndani wakiwa na furaha. Kisha utaulizwa: na wewe, je? Mimi naishi Tampere, na wageni wetu huwapeleka Rauhaniemi au Kaupinoja, sauna mbili za umma kwenye ziwa Näsijärvi. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hawajavua koti.

Karibu kila mgeni anaogopa kuganda. Hofu hiyo ina ukweli wake, kwa sababu maji huondoa joto mwilini kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa, na maji ya chini ya barafu huwa kati ya nyuzi 0 na 4. Lakini mtu mzima hagandi kwa dakika moja. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili ndani ya maji ya barafu, anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika moja ya kuidhibiti pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na karibu saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Inayoua watu wazima wenye nguvu zao ni ile dakika ya kwanza.

Ngozi ikipoa ghafla, kifua huvuta hewa kwa nguvu chenyewe, bila ridhaa yako. Baada ya hapo unahema mbiombio, moyo unakimbia, presha inapanda. Hali hiyo hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza, kisha hutulia taratibu kati ya dakika ya kwanza na ya tatu. Ule mvuto wa kwanza wa hewa ukikukuta kichwa kiko chini ya maji, utavuta maji badala ya hewa. Ndiyo maana usirukie maji ya baridi, wala usipige mbizi, hata kama umekulia Bahari ya Hindi na unaogelea kuliko samaki. Ustadi wa kuogelea hauzuii kifua kufanya kazi yake.

Shuka kwa ngazi. Shika vyuma kwa mikono miwili, na kila hatua toa pumzi nje, polepole na kwa muda mrefu, midomo ikiwa imebana kidogo. Kuingiza hewa usikufikirie, kutakuja kwenyewe. Maji yakifika mabegani, tulia hapohapo huku umeshikilia ngazi. Usiongee, usigeukie kamera ya rafiki, usijaribu kuogelea. Pumzi ikishakuwa yako tena, kazi ya siku ya kwanza imekwisha: panda. Nasisitiza hili kwa wale ambao hawajui kuogelea, na tuko wengi tuliokulia bara mbali na maji. Hapa huhitaji kuogelea hata kidogo. Ngazi inatosha, na hakuna atakayekushangaa.

Kofia ya sufu ibaki kichwani na uso usiuloweshe. Sababu si urembo. Baridi ya mwilini huuamuru moyo kwenda kasi, ilhali baridi ya usoni, hasa ukiwa umebana pumzi, huuamuru kupunguza mwendo. Amri hizo mbili zikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika, na kwa mwenye moyo dhaifu hilo si jambo dogo. Mike Tipton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wameieleza hatari hii vizuri. Wao pia wameonyesha jambo la kutia moyo: ukiingia maji ya baridi mara tano au sita tu, kwa dakika chache kila mara, ule mshtuko wa pumzi hupungua kwa karibu nusu. Mwili unajifunza kweli, ukipewa nafasi.

Kuna mtindo umeenea mitandaoni wa kuhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuingia majini. Tafadhali usiufanye ukiwa karibu na maji. Kuhema hivyo hupunguza hewa ukaa kwenye damu, na hewa ukaa ndiyo inayokujulisha kwamba unahitaji kupumua. Mtu huzimia bila dalili, na ndani ya maji kuzimia ni kuzama.

Ukishatoka, usidhani umemaliza. Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, kwa hiyo unaweza kutetemeka zaidi ukiwa umesimama nje kuliko ulipokuwa majini. Jifute, vaa kuanzia kifuani, soksi kavu, kisha chai ya moto kutoka kwenye chupa uliyokuja nayo. Kama ulikaa majini sekunde chache, kurudi sauna ni sawa, ila keti benchi la chini. Ukikaa juu palipo na joto kali mishipa hufunguka ghafla na unaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Glovu na soksi za mpira za waogeleaji nunua mapema, vidole ndivyo vinavyoumia kwanza. Bia isubiri mpaka mwisho wa yote, maana pombe hukudanganya kwamba una joto huku ikikupotezea joto ulilonalo.

Jambo moja sijalikuta kwenye maelekezo ya hapa, nalo linatuhusu. Wanasema mtazame mwenzako kama midomo imekuwa ya bluu. Kwenye ngozi nyeusi hilo halionekani upesi. Mtazame kucha, ufizi na viganja, na zaidi ya hapo msikilize: akianza kuongea kwa kuvuta maneno, akishindwa kufunga zipu, akipepesuka, mwondoe kwenye baridi na upige 112, namba ya dharura. Akikohoa mapovu au akilalamika kifua kinabana, vivyo hivyo. Na kwa sababu hiyo usiende peke yako, hata ukishazoea.

Sasa nani asiingie kabisa? Mwenye selimundu. Nalitanguliza kwa sababu ugonjwa huu uko kwenye familia zetu nyingi, na mwalikaji wako huenda hajawahi kumwona mgonjwa wake. Baridi ya ghafla, hasa kuogelea maji baridi, inaweza kuamsha maumivu makali ya kumlaza mtu hospitali. Ukialikwa, kataa bila aibu, sauna ya joto la wastani na maji mengi ya kunywa ni jambo la kuzungumza na daktari wako kwanza. Wenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa, pumu, ujauzito, au ngozi inayovimba na kuwasha ikiguswa na baridi, wapite kwanza terveysasema, kituo cha afya cha mtaa wao. Vilevile anayetumia dawa za moyo au presha.

Faida zipo, lakini zisikuzwe. Watafiti wa Prague waliwaweka wanaume kwenye maji ya nyuzi 14 kwa saa nzima, na mwaka 2000 wakachapisha kwamba kemikali mbili za mwili zinazomwamsha na kumchangamsha mtu zilipanda kwenye damu: noradrenalini kwa asilimia 530 na dopamini kwa asilimia 250. Hapo utaelewa kwa nini watu wanatoka avanto wamechangamka. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu zaidi ya 3,000 waligawanywa: wengi wao walimalizia bafu la moto kwa maji baridi kila siku kwa siku 30, wengine waliendelea kuoga kama kawaida. Waliotumia maji baridi walikosa kazi kwa ugonjwa kwa asilimia 29 pungufu, ingawa siku zenyewe za kuumwa hazikupungua. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi hupungua pia. Ila kama unanyanyua vyuma ili ujenge mwili, subiri: utafiti wa Australia wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kujitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 baada ya kila zoezi kulipunguza ukuaji wa misuli. Anayekuambia avanto inatibu sukari au saratani, usimsikilize, na dawa zako usiziache. Mimi naipenda kwa sababu ya Novemba, jua likitoweka saa tisa na nusu alasiri na mgeni akaanza kujifungia ndani. Pale kwenye benchi ya sauna watu wasiokusalimia kwenye basi wanaongea nawe.

Kama umefika Agosti au Septemba, una bahati. Anza wakati huo, maji yakiwa bado ya kuvumilika, nenda kila wiki, na ziwa litapoa pamoja nawe hadi barafu ishike. Aliyefika Januari aanzie bafuni kwake: nusu dakika ya maji baridi mwishoni mwa kuoga, pumzi nje, polepole, kwa wiki mbili tatu, ndipo aje ngazini.