Usimlipe huyo dalali wa sahani za kale kabla hujazipindua

Mkuu, usilipe. Salamu tutapeana baadaye. Nimesoma mpaka pale unaposema dalali wa hapa Tanga amekuletea seti ya vyombo vya porseleni, "kaure ya Mchina ya miaka mia tano, imetoka Tongoni", yale magofu ya kale kusini mwa Tanga, kwa ajili ya meza ya karamu ya harusi ya dada yako, na tayari anadai advansi. Maneno hayo nimeshaimbiwa mimi, nadhani na mdomo huo huo.

Umezipindua uone vitako?

Mimi sikupindua. Nilitazama maua ya buluu, nikatazama vumbi jekundu lililoganda kwenye ukingo, nikatoa laki nane. Jamaa alilishika kombe, ile sahani kubwa, kwa mikono miwili kama kichanga, akinionya nisiliguse kwa vidole vyenye mafuta. Msanii yule, Bongo Movie wamemkosa. Na alikuja na mzee mwenye kanzu safi aliyetikisa kichwa: "Hizi nazijua, bibi yangu alikuwa nazo." Mzee naye bila shaka alikuwa na fungu lake.

Siku ya shughuli shangazi akavitia vyombo kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Maji yakawa chai ya rangi. Ukale wote ule ulikuwa tope na majani ya chai. Akageuza kombe: kitakoni pamepigwa msasa, pana duara lisilong'aa, lakini mkono wa fundi ulichoka kabla ya kufika pembeni. Zimebaki herufi: "DE IN CH". Shangazi akaniangalia, akaniuliza kama huyu ndiye yule Mchina wangu wa zamani, akaendelea kuosha. Biriani ililiwa, wageni wakasifu vyombo. Kwa bei ile wangekula na sahani zenyewe.

Sasa hilo la Tongoni. Nenda ukaangalie makaburi ya nguzo pale, yale yenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa: utaona mashimo ya duara yalimokuwa mabakuli, matupu. Kwa hiyo dalali akisema kweli, anakuuzia kitu kilichong'olewa kaburini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na biashara yake inataka kibali. Akisema uongo, umepigwa. Hakuna mlango wa tatu. Ukitaka kuona vyombo vya Kichina vya kweli, nenda makumbusho ya Kaole, Bagamoyo. Kiingilio chake hakikufilisi.

Pindua kila kimoja, si kile anachokupa yeye. Kikiandikwa nchi kwa Kiingereza, si cha miaka mia tano; maandishi hayo yalienea baada ya Marekani kulazimisha bidhaa zinazoingia kwake zitaje zilikotoka, mwaka 1891. Herufi za Kichina nazo zisikubabaishe: wafinyanzi wa kule kwa karne nyingi waliandika majina ya wafalme wa zamani kwenye vyombo vipya. Kisha washa tochi ya simu nyuma ya ukingo. Kaure nyembamba hupitisha mwanga, udongo wa kawaida haupitishi.

Usishangae pia ukikuta neno Maastricht. Viwanda vya mji huo wa Uholanzi, kama cha Petrus Regout, vilileta mabakuli mengi pwani yetu, na ndiyo hayo yaliyojaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za mabibi. Ni mazuri na ni ya zamani kweli, nayapenda, ila si kaure wala si ya Mchina, na hayalipiwi bei ya Mchina.

Uliuliza na mengine, sijui kama vyombo hivyo vitahimili pilau ya moto na sijui vioshwe vipi. Kwa watu wote hao kodisha masinia tu, bwana. Hebu piga picha ya vitako, vyote, uweke hapa leo. Na dalali akikwambia mwenye mali hataki vipinduliwe, mrudishie mzigo wake hapo hapo mlangoni.