Mfupa wa pua umepinda: nikipasuliwa, kichwa kitapona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, nina miaka 34. Mwaka wa pili sasa kichwa kinanigonga upande wa kushoto, katikati ya jicho na pua. Kwa wiki namaliza karatasi mbili za panadoli. Nimepiga picha ya CT, nikaambiwa mfupa wa pua umepinda na kuchomoza kama mwiba, nipasuliwe. Mama mkwe anasema ukipasuliwa pua husikii harufu tena. Nifanyeje?
Fundi, Temeke

JIBU: Marahaba, fundi. Pua iliyonyooka kabisa ni ya kutafuta kwa tochi. Hata yangu imekwenda kulia. Ndiyo maana picha peke yake hainitoshi. Mwiba huo, unaotoka kwenye ukuta wa kati ya matundu mawili ya pua, ukigandamiza nyama za pembeni mwa tundu (si zile nyama za nyuma ya pua zinazowakoromesha watoto), mshipa wa fahamu wa uso unaweza kupeleka maumivu hadi jichoni. Lakini wapo wengi wenye mwiba kama wako na kichwa hakijawahi kuwauma.

Siku kinapouma, mwombe daktari aweke pamba yenye dawa ya ganzi pale panapogusana. Maumivu yakikata ndani ya dakika 5, na siku nyingine tena vilevile, hapo nitaanza kuishuku pua. Yasipokata, sikushauri kisu.

Marekani, mwaka 2004, walichunguzwa watu 2,991 walioamini kichwa chao kinaumwa na sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Hukuniambia: taa ya cherehani inakukera? Unapata kichefuchefu? Kama ndiyo, tutibu kipandauso kwanza.

Na hizo panadoli! Ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuleta maumivu. Kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, tenga ukurasa uandike kila siku uliyomeza.

Ikifikia kupasuliwa, utapigwa nusu kaputi na kazi itafanyikia ndani ya tundu la pua, bila kovu usoni. Wiki ya kwanza usipenge kamasi, safisha kwa maji ya chumvi, na vumbi la vitambaa likae mbali nawe. Mwambie mama mkwe harufu hupungua kwa muda kwa sababu ya uvimbe. Kupotea moja kwa moja ni nadra.

Ukienda Muhimbili, idara ya masikio, pua na koo, beba picha yako pamoja na hilo daftari.